Matairi ya Mwaka Mzima na Sufuria za Msiba

Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Mimi nilirudisha ufunguo wa kabati mwezi uliopita, lakini mgongo uliacha kazi zamani, na magoti yakaufuata. Kwa hiyo ninyi vijana mliobaki karakana, mnaonipigia simu kuniuliza mambo yaliyoandikwa ubavuni mwa tairi, nimeona niwaandikie yote kwa pamoja nipate kupumzika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiswidi changu ni cha karakana: kinatosha kuagiza vipuri, kulalamika na kuomba kahawa. Wanangu wakitaka kusoma, itabidi wajitahidi.

Habari za vyeo hamtazikuta humu. Niliingia fundi nikatoka fundi, na katikati nilibadilishiwa ovaroli mara kadhaa kwa sababu ya tumbo. Nitasema yale yaliyobaki kichwani baada ya kusahau mengine.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwezi wa Oktoba, na yeyote anayeijua kazi hii anajua kwamba hakuna mwezi mbaya zaidi wa kuanza. Karakana yetu ilikuwa Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm, milango mitatu na jeki nne, moja ikivuja. Mwenyewe alikuwa Börje, Mswidi mrefu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa matairi tangu ujana, nimeziba pancha Buyenzi, kule Bujumbura, miaka na miaka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipeleka nje, kulikokuwa na matairi mawili yaliyolala kwenye baridi, akakamata kidole gumba changu na kukikandamiza kwenye tairi la kwanza. Lilikuwa gumu kama ukwato. Akakipeleka kwenye la pili, likabonyea. Akaonyesha la kwanza akasema ni la kiangazi, akaonyesha la pili akasema ni la baridi, halafu akarudi ndani kunywa kahawa yake. Shule yangu yote ilikuwa hiyo. Nimekaa madarasani na wakufunzi wa kampuni za matairi, wenye picha ukutani na biskuti mezani, na hakuna aliyeniambia zaidi ya kile kidole.

Mpira wa kiangazi ukipata baridi hukakamaa hata kabla maji hayajaganda. Mteja atawaambia, "Lakini hakuna theluji." Mwacheni aseme. Kiacheni kidole chake mwenyewe kifanye kazi.

Mwaka wa fundi wa matairi hauna miezi kumi na miwili, una misimu miwili ya mateso na kitu cha kungojea katikati. Msimu wa kwanza huanza pale theluji ya kwanza inapoanguka. Utabiri wa hewa unawaonya watu wiki nzima, hakuna anayesikia, halafu wanaamka wote siku moja, wanafungua mapazia, na wote wanakuwa wateja wako asubuhi hiyohiyo. Foleni inafika barabarani. Msimu wa pili ni Aprili, pale inapobidi kuyatoa matairi ya misumari, yale yanayouma barafu, na wale wale wanakuja tena na haraka ile ile. Nilinyanyua magurudumu hayo miaka yote kwa mgongo huu mmoja. Ninapolala sasa, mikono huamka peke yake ikitafuta nati za kufungua, na Mama Neema alikuwa akinipiga kofi taratibu akiniambia karakana imefungwa. Mama Neema ni mke wangu. Nitamfikia.

Sasa haya matairi ya mwaka mzima, ambayo ndiyo sababu ya simu zenu nyingi. Börje hakuyapenda. Alisema ni matairi ya watu wasioweza kuamua. Lakini wateja walizidi kuja na magari ya mbio yenye magurudumu mapana, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Stockholm si kaskazini. Barabara kubwa zinamwagiwa chumvi, na siku nyingi za baridi lami ni kavu kama ya Julai, ila tu imepauka. Theluji inakuja siku chache, inasumbua, inaondoka. Mtu anajiuliza kwa nini aendeshe miezi mitano juu ya mpira laini unaoyumba kwenye kona kwa ajili ya siku hizo chache. Anataka tairi moja linaloshika vizuri kwenye lami kavu, lisimwaibishe kwenye theluji, na lisimlazimishe kuonana na sisi mara mbili kwa mwaka. Hilo la mwisho nilikuwa nalielewa kabisa.

Ukiyachagua hayo, pinda mgongo usome ubavu. Herufi M na S, yaani matope na theluji, ziliwahi kumridhisha polisi, lakini haziwezi kumshika mtu kwenye mteremko. Tafuta ile alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, maana hilo limejaribiwa kwenye theluji yenyewe. Kisha tazama uso wa tairi. Anayetaka mwendo kwenye lami kavu anahitaji vipande vya pembeni viwe vikubwa na vigumu, visiyumbe akikata kona. Anayetaka kupita kwenye theluji anahitaji mikato mingi myembamba, kama chale za wembe, ili ifunguke na kuuma. Tairi zuri la mwaka mzima lina vyote viwili, na kwa sababu hiyohiyo halina hata kimoja kwa ukamilifu. Mwambieni mteja hivyo kabla hajalipa. Someni na zile tarakimu nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa maana kuna matairi yanayoitwa mapya ambayo yamezeekea ghalani. Mwenye gari la mbio atataka tairi pana lenye ubavu mfupi. Kama kitabu cha gari kinaruhusu, mshusheni saizi moja, kwa sababu tairi pana hupanda juu ya theluji badala ya kuikata. Yote manne yafanane. Na ikibidi kubadili mawili tu, mapya yaende nyuma hata kama mteja atalia, na niliwahi kumwona mmoja akikaribia kulia.

Lakini Börje hakuanza na hayo. Kabla hajamfunulia mtu hata tairi moja la mwaka mzima, alikuwa na swali lake: "Siku theluji ikianguka, unaweza kuliacha gari nyumbani?" Mteja akisema ndiyo, alimuuzia. Akisema hapana, alimpeleka kwenye matairi ya baridi, na akibisha, alimwonyesha mlango. Nilijifunza swali hilo kutoka kwake kama nilivyojifunza mengine yote, nikalitumia miaka mingi, na kwa Waswidi halikuniangusha hata siku moja.

Kwa watu wetu ni habari nyingine. Mnajua ilivyo. Mtu mmoja wa jumuiya akifanya kazi ya matairi, basi yeye si mtu tena, ni tairi. Ibada ikiisha Jumapili, mchungaji mwenyewe ananivuta kando nikidhani ni mambo ya roho, kumbe gari lake linavuta kulia. Harusini nimevaa suti, natolewa ukumbini nikapige magoti kwenye maegesho. Nilikuwa naenda kwa shingo upande, nikirudi nakuta chakula kimepoa. Mama Neema alikuwa ananiwekea sahani na kuifunika na sahani nyingine, na hakuna mtu aliyethubutu kuigusa.

Katika watu hao alikuwemo Leonidas. Leonidas alikuwa mwenzetu wa Bujumbura, mdogo kwangu, akiishi Södertälje, upande wa pili wa Stockholm, na kufanya kazi kwenye kiwanda cha malori, akifunga milango siku nzima. Mkewe Consolata alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Flemingsberg, kazi ya kuwageuza na kuwanyanyua wagonjwa. Leonidas alikuwa na vitu viwili vya kujivunia. Cha kwanza ni gari jekundu la mitumba, la mwendo kasi, ambalo alilisafisha hadi ndani ya rimu kwa mswaki. Cha pili ni sufuria. Jumuiya yetu ilikuwa imechanga ikanunua sufuria kubwa za shughuli, zile ambazo mtoto anaweza kuoga ndani yake, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kuzitunza. Stoo yake ndogo chini ya ghorofa ilijaa sufuria, miiko na viti vya kukunja kutoka sakafuni hadi darini. Msiba ukitokea, watu hawakuuliza Leonidas kafika. Waliuliza sufuria zimefika?

Akaja karakana siku moja ya vuli, gari likimeremeta.

"Muzee, nataka mapine ya mwaka muzima," aliniambia. Kwetu Bujumbura tairi ni pine. "Yale ya mwendo. Nisipoteze raha ya hii gari."

"Nunua seti mbili, za kiangazi na za baridi. Nyingine weka stoo."

"Stoo? Na sufuria nitaweka wapi, kitandani na Consolata?"

"Tugawe sufuria kwa watu wengine."

Alinitazama kama niliyemwambia agawe watoto. Nikaachana na hilo, nikamuuliza swali la Börje: theluji ikianguka, anaweza kuliacha gari?

"Bila shida. Kazini naenda kwa muguu. Consolata anapanda treni mpaka Flemingsberg. Gari inalala tu, muzee."

Alisema kweli, na mimi nilimwamini kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamfungia matairi mazuri, yenye alama ya mlima, nikayakaza nati kwa kipimo, nikamwambia arudi nizikaze tena baada ya siku chache, na kinyume na wateja wote wa dunia hii, alirudi. Alikuja na furaha. Akasema kwenye lami kavu gari linashika kona kama limeshonwa barabarani. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Baridi ya mwaka huo, mama wa mwenyekiti wa jumuiya yetu alifariki hapa Upplands Väsby. Theluji ilikuwa inaanguka tangu jana yake, ile nyepesi inayoteleza juu ya lami kama unga. Mimi na Mama Neema tulikuwa tayari nyumbani kwa wafiwa tukipanga viti, simu yangu ikalia.

"Muzee, njia iko aje huko?" Alikuwa Leonidas.

"Mbaya. Panda treni."

"Na sufuria?"

"Njoo bila sufuria."

"Nije mikono mitupu kwenye matanga, na gari iko hapa chini watu wanaiona? Watasema nini? Watasema Leonidas ameuza gari, ama amekuwa mubaya."

"Leonidas, uliniambia gari litalala."

"Nilisema kazi, muzee. Hii ni kufa kwa mutu."

Akakata. Nilisimama na simu mkononi nikijua kabisa kitakachotokea, na hakuna kitu kinachochosha kama kujua. Kwenye mteremko kabla ya Fittja, njiani kuja kwetu, magari ya mbele yalipunguza mwendo, Leonidas akakanyaga breki. Tairi lake lilifanya kila linaloweza. Gari likaenda upande, likagonga ukingo wa barabara kwa ubavu wa abiria. Yeye hakuumia. Consolata, aliyekuwa amepakata sufuria ya maharage ili isimwagike, alivunjika bega. Maharage yalienea gari zima, na hadi masika bado lilikuwa linanuka jikoni.

Bega lilipona vibaya. Consolata hakuweza tena kunyanyua mtu, na hospitali ikamhamishia kwenye kazi ya kukaa, ya kupanga vifaa chumbani peke yake. Mwanamke yule alipenda wagonjwa wake. Aliwajua kwa majina na kwa watoto wao. Kila nilipomwona akibadilisha mkono ili kushika kikombe cha chai niliumia moyoni, na sioni sababu ya kulificha hilo leo.

Nilimweleza Börje habari hiyo wakati wa kahawa. Aliweka kikombe mezani, akauliza, "Kwa nini hawakungoja?" Hakuuliza kwa ubaya. Ndipo nilipoelewa swali lake lilipopasukia. Mswidi akifariki, familia inakaa wiki kadhaa, inatuma kadi yenye tarehe, watu wanapanga likizo, na siku yenyewe wanafika kwa viatu vikavu. Msiba wao una miadi kama tairi. Sisi mtu akifa asubuhi, mchana nyumba imejaa, na asiyekuja siku hiyo atakumbukwa kwa hilo. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wetu kama anaweza kukaa nyumbani siku ya theluji, anafikiria kazi, anasema ndiyo kwa roho safi kabisa. Hafikirii msiba, maana nani anakaa akifikiria msiba mbele ya kaunta ya matairi? Wala hafikirii shangazi anayetua Arlanda na mabegi manne. Nilimweleza Börje yote hayo kwa Kiswidi changu cha karakana. Akatikisa kichwa, akamalizia kahawa, akasema, "Basi swali langu halikutengenezwa kwa ajili yenu." Akaenda kufunga jeki iliyokuwa inavuja.

Masika yalipoingia Leonidas alirudi, safari hii na Consolata. Rimu moja ilikuwa imepinda na matairi mawili yamechanika ubavu. Alitaka manne mapya. Nikamuuliza ya aina gani, akasema yale yale.

Niliudhika. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ana kichwa kigumu, kwamba siwezi kumuuzia, aende kwa wengine. Hakupandisha sauti. Alisimama pale akizungusha kofia mikononi.

"Muzee, nafunga milango ya lori siku nzima, ya kushoto tu, hata ya kuume hawanipi," alisema. "Jioni nikitoka, njia ikiwa kavu, nazunguka na hii gari kidogo mbele ya kurudi nyumba. Iko raha yangu. Sina ingine. Na stoo iko ile ile."

"Toa sufuria."

"Sufuria sitoi. Walinipa mimi."

Nilimtazama Consolata nikitumaini atanisaidia. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitambaa cha shingoni.

"Aape," alisema. "Theluji ikianguka, gari haitoki. Na usimuulize kazi. Muulize musiba."

"Hata kwa msiba?" nikamuuliza.

"Hata kwa musiba," alisema Leonidas, polepole.

"Muulize musiba wa nani," alisema Consolata.

Kofia ilisimama mikononi mwa Leonidas. Karakana nzima ilikuwa na kelele za upepo na nyundo, lakini sisi watatu tulikuwa tunangoja. Mwisho akasema, "Hata wa nyumbani kwako, muzee."

Niliwaambia msiba wangu mwenyewe nitakuwa sina habari nao. Tukacheka kidogo, ili tuondoke pale. Nikamchagulia matairi kwa uangalifu kuliko niliyowahi kumchagulia mtu yeyote, nikashuka saizi moja, yenye mikato mingi kuliko ya kwanza, na vipande vya pembeni vigumu vya kutosha kwa raha yake ya jioni. Tangu siku hiyo niliwauliza watu wetu swali jipya. Sikuwauliza tena kama wanaweza kukaa nyumbani. Niliwauliza: "Theluji ikiwa imeanguka, nani akifa utatoka na gari?" Wengine walikasirika, wakaniona nawatakia mabaya. Lakini nusu yao walihesabu wazee wao kwa vidole, kisha wakanunua matairi ya baridi. Vijana, lichukueni swali hilo. Liulizeni kwa sauti ya chini.

Miaka ikapita. Börje alistaafu akahamia kaskazini, mahali ambapo hata baiskeli zina misumari. Mwenye karakana mpya alileta mashine ya kusawazisha magurudumu inayoongea, nami nikaendelea kuinama. Leonidas alikuja kila vuli nimkagulie matairi. Watu walikufa, kama kawaida ya watu, lakini walikufa Mei, walikufa Septemba, mmoja alikufa Januari siku barabara zilikuwa kavu na jua linawaka. Kile kiapo kilikaa tu, hakuna aliyekijaribu. Nilianza kuamini kwamba hakitajaribiwa kamwe.

Baridi za mwisho kabla sijastaafu zilikuwa kali. Theluji ilianguka na kukaa, treni zikawa zinakwama, watu wakasimama vituoni wakipuliza vidole. Katika baridi hizo Mama Neema aliugua, akapata nafuu, akaugua tena. Akafariki alfajiri moja, na nje theluji ilikuwa inamwagika kama iliyokatazwa kusimama. Sina maneno mengi juu ya alfajiri hiyo. Nilirudi nyumbani kutoka hospitali nikafungua kabati la vyombo, nikaona sahani mbili zimewekwa moja juu ya nyingine, nikalifunga. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

Kufikia mchana nyumba ilijaa. Walitoka pande zote za mji, na mimi nilisimama dirishani ghorofa ya pili nikitazama maegesho. Waliokuja kunipa pole walidhani natazama mbinguni. Nilikuwa nasoma matairi. Kila gari lililoingia nililitazama linavyokata kona na alama linayoacha kwenye theluji, nikajua: hili la misumari, hili la baridi, hili la baridi lakini limezeeka, huyu alaaniwe amekuja na ya kiangazi. Nilikuwa nangoja gari jekundu, na nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote lisitokee.

Nilimwambia binti yangu Neema awapigie simu Södertälje, awaambie wasije, waje siku barabara zikiwa safi. Mtoto akanitazama kwa mshangao, maana hata yeye aliyekulia huku anajua kwamba mfiwa hamwambii mtu asije. Alipiga. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba hawapokei. Akapiga tena, na tena, hawapokei. Wanawake jikoni walianza kunong'ona kwamba chakula kitapikwa kwenye nini, sufuria hazijafika. Mtu mmoja akasema Leonidas hawezi kukosa msiba huu, kwa jinsi marehemu alivyokuwa dada kwake, atakuja hata kwa kutambaa. Alisema ili kunifariji. Mimi niliona mteremko wa Fittja, na upande wa abiria.

Mwanga wa mchana ulikuwa unaanza kufifia nilipoona watu wawili wanatokea kwenye njia ya kutoka stesheni. Walikuwa wanasukuma kigari cha mtoto. Nikafikiri ni jirani tu, kisha nikajiuliza ni jirani gani mwenye akili anayemtoa mtoto nje katika hali hii. Walisukuma hatua chache, wakasimama, wakang'oa theluji kwenye magurudumu, wakasukuma tena. Ndani ya kigari hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na sufuria, ile kubwa kuliko zote, imefungwa blanketi hadi shingoni na kuvishwa kofia ya sufu juu ya mfuniko. Nyuma, Leonidas amebeba nyingine mgongoni kwa kamba.

Nilishuka ngazi bila koti. Sikumbuki nani aliniita.

Tulikutana pale chini, penye mlango. Nyusi zao zilikuwa nyeupe. Leonidas alikuwa anahema, ndevu zimeganda.

"Tumechelewa, muzee," alisema. "Utusamehe. Treni ilisimama Flemingsberg, ikasimama na Stockholm. Simu ilizimika. Watu walikuwa wanauliza mutoto ni wa miezi mingapi."

Kwa mazoea tu nikainama, na mgongo ukalia kama unavyolia siku zote, nikayatazama magurudumu ya kile kigari. Yalikuwa madogo, ya plastiki, yamejaa theluji, laini kabisa, hayana hata mkato mmoja.

"Leonidas," nikasema, "haya si ya msimu wowote."

Hakucheka. Alinyoosha mkono anisaidie kuinuka, lakini Consolata alimwahi. Aliniinua yeye, kwa mkono ule mzima, akanishikilia hivyo nikiwa nimesimama kwenye theluji na shati tupu.

"Gari imelala, Baba Neema," alisema. "Iko nyumbani. Imelala."

Ndipo nikalia.